Cherehani Isiyo na Uzi

Kila Alhamisi alasiri, nyumbani kwetu mtaa wa Nyamugari, cherehani ya Mama ililia bila kushona kitu. Aliutoa uzi kwenye sindano, akakanyaga pedali kwa nguvu mpaka kipindi cha akina mama redioni kiishe. Barazani Baba na wenzake walikuwa wakinywa kahawa ya tangawizi, na kelele ile ndiyo iliyowazuia kumsikia mtangazaji akitaja hedhi, vidonge vya kupanga uzazi, na joto linalowapanda wanawake waliokoma kuzaa. Ndani, majirani watatu waliinamia redio nusura wagongane vichwa. Mimi nilikaa mkekani nikipanga vifungo nilivyokwisha kuvipanga. Walijua nasikiliza, wala hawakunifukuza. Jinsi nilivyowapenda wanawake wale!

Nilivunja ungo nikiwa darasa la sita. Bibi, mama yake Baba, akaja kutoka Muyinga na kikapu cha mchele na uamuzi wake tayari. "Huyu sasa iko mwari. Shule imekwisha. Mi nakwenda naye Muyinga, akae ndani mpaka apate bwana." Baba hakubisha, hakuwahi kumbishia mama yake maishani. Safari ikapangwa Ijumaa baada ya sala. Nililia mpaka macho yakavimba, maana mtihani wa kwenda sekondari ulikuwa umekaribia na nilikuwa na hakika nitaufaulu.

Alhamisi, siku moja kabla ya safari, majirani walikuja kama kawaida, Bibi naye akaketi pembeni. Mtangazaji akasema kwa upole kwamba damu ya mwezi si ugonjwa, na kwamba msichana aliyeanza kuipata bado ni mtoto, aachwe asome. Mama akaondoa mguu kwenye pedali. Redio ikasikika nyumba nzima. Barazani mazungumzo yakakatika.

"Mama Zaina, we! Wanaume wanasikia!" jirani mmoja akanong'ona.

Mama akajibu kwa sauti iliyofika mpaka nje: "Waache wasikie. Mi nimechoka kuficha. Mutoto wangu iko na akili, atasoma."

Wageni wa Baba waliaga haraka. Yeye akaingia, akasimama mlangoni, asimtazame Mama wala Bibi. Aliniuliza mimi: "Kesho iko masomo?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi lala mapema."

Bibi alirudi Muyinga peke yake, na kwa miaka miwili hakupokea salamu za Mama. Mama aliumia, nilimwona, lakini hakuwahi kunisimanga kwa hilo hata siku moja.

Leo mimi ni muuguzi, na maneno yale nayasema redioni mwenyewe, mchana kweupe. Juzi binti yangu alimtuma baba yake aende mtaa wa Magarama kununua pedi. Mume wangu akarudi akilalamika kwamba alipanga foleni, akauliza kwa sauti, kumbe zile ndefu zimekwisha. Binti yangu akamrudisha duka la pili. Nilicheka nao. Kisha nikaingia chumbani nikalia, kwa sababu Mama alifariki bila kumwona mwanamume wa nyumba yetu akitaja pedi mbele za watu.