Kizibo cha Kushoto cha Mama Pacha

Watu wa bendi waliendelea kumwita Mama Pacha hata baada ya pacha wenyewe kuota ndevu na kwenda kujitegemea. Aliimba nao tangu enzi ambazo bendi nzima ilikuwa na spika mbili, moja ikikoroma. Siku za kazi aliuza vitambaa vya mapazia dukani kwa dada yake. Mwisho wa juma alikuwa jukwaani, kwenye harusi na sherehe za maofisi. Alikuwa mnene wa mwili, mwepesi wa maneno, na aliimba amefumba macho. Mumewe, karani wa bohari, alisema mkewe anaogopa kuwaona wanaompigia makofi kwa huruma.

Bendi ilipopata mkataba wa kupiga kwenye ukumbi wa hoteli moja kubwa, fundi mitambo alishauri kila mmoja atengenezewe vizibo vyake. Ndivyo walivyoviita vile vispika vidogo vya kuvaa ndani ya masikio, vilivyochongwa kwa umbo la sikio la mwenyewe, ili mwimbaji ajisikie bila kushindana na ngoma zilizo mgongoni mwake. Mama Pacha alivipenda siku ileile.

"Ni kama ninaimba bafuni kwangu," alisema, "ila huku nalipwa."

Mambo yakaenda vizuri kwa muda mrefu. Kisha magego yake ya kushoto yakaharibika, yakang'olewa, akawekewa ya bandia. Fizi zilipopona akarudi kazini, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama.

Ilianza na ule wimbo wa kumwingiza bibi harusi ukumbini. Katikati yake kuna mahali sauti inapanda juu na kukaa huko, ndefu, mpaka bibi harusi afike kwenye kiti. Siku hiyo sauti ya Mama Pacha ilipanda, ikapitiliza. Wapiga tarumbeta wakatazamana. Walipokuwa wakikunja nyaya, kiongozi wao, ambaye kila mtu alimwita Mzee wa Besi kwa sababu ya gitaa lake, akamsogelea.

"Mama Pacha, leo ulikuwa wapi?"

"Si nilikuwa hapahapa mbele yako?"

"Mwili ulikuwepo. Sauti ilikuwa inakimbia kama imechelewa gari."

Safari iliyofuata ikawa vilevile. Alikuwa akimwonyesha fundi mitambo kidole gumba kuelekea juu, niongezee, niongezee tena, na bado alijisikia kwa mbali, kama redio ya jirani. Alirudi nyumbani masikio yakivuma. Alikaa jikoni bila kuvua viatu.

"Baba Pacha, sauti yangu imekwisha."

Mumewe alikuwa akimenya vitunguu. "Kama imekwisha, mbona tangu uingie unanisema bila kupumua?"

Mama Pacha alicheka kidogo, kisha machozi yakamtoka, na vitunguu vikasingiziwa.

Kilichomuuma zaidi alikisikia kwa mpiga kinanda: Mzee wa Besi alikuwa amemwomba mwitikiaji wao ajifunze nyimbo zote anazoongoza Mama Pacha, endapo itahitajika. Mwitikiaji huyo alikuwa wifi yake, dada mdogo wa mumewe, na Mama Pacha mwenyewe ndiye aliyemleta kwenye bendi. Tangu hapo akawa anamsalimia wifi kwa neno moja tu, kavu, kama anayemjibu mdai.

Wifi alivumilia, mwishowe akamfuata dukani. Akasimama katikati ya marobota ya vitambaa.

"Wifi, umeninunia."

"Nikununie kwa lipi? Umepewa kiti, kikalie."

"Kiti sikukiomba. Nisikilize kwanza, halafu ukitaka kunifukuza, nifukuze. Kila ukifika pale juu unainamisha kichwa, unakibonyeza kizibo cha kushoto kwa kidole. Mimi nasimama nyuma yako, nakuona. Ukibonyeza, sauti inarudi mahali pake. Ukiachia, inapotea."

Mama Pacha alibaki na utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Hakuwa amejijua kwamba anabonyeza.

"Unaniambia kweli, au unanifariji?"

"Lini mimi nimewahi kukufariji?"

Hilo lilikuwa kweli tupu. Hakutaka kucheka, lakini kicheko hakikumngoja. Akamwachia dada yake duka, wakatoka pamoja kwenda kwa fundi aliyevichonga vizibo.

Fundi wa masikio alikuwa na chumba ghorofani, nyuma ya duka la miwani. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwatengenezea vifaa watu wasiosikia vizuri. Wanamuziki walikuwa wachache na, kwa maneno yake, ndio waliokuwa wakipiga kelele zaidi. Alikiweka kizibo chini ya taa, akakitazama kwa kioo cha kukuzia, akaguna.

"Unavifutia nini hivi?"

"Manukato kidogo," alisema Mama Pacha. "Vinukie."

"Mama, sikio halinusi."

Wifi aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Fundi alichukua kijiti chenye kitanzi cha waya mwembamba, akachomoa nta iliyokuwa imeziba nusu ya tundu la sauti. Akaeleza bila kumwonea haya: akimaliza kuimba avifute kwa kitambaa laini kikavu, nta aitoe kwa brashi ndogo, tundu likiangalia chini ili uchafu udondoke badala ya kuingia ndani, kisha avilaze kwenye kikasha chao pamoja na kile kipakiti cha kunyonya unyevu. Maji marufuku, manukato marufuku, na mkobani pamoja na vipodozi ndiyo kabisa.

"Sasa vaa." Akamwekea muziki wenye besi nzito. "Unasikiaje?"

"Vizuri."

"Fungua mdomo."

Besi ikatoweka, kama mtu ameifungia mlango. Mama Pacha akafumba mdomo, ikarudi. Akafumbua, ikaenda zake.

"Umeng'olewa meno karibuni?"

Akaziba mdomo kwa kiganja. "Umejuaje?"

"Taya likibadilika, njia ya sikio nayo hubadilika kidogo. Unapata mwanya. Besi inavujia hapo na kelele za nje zinaingia hapohapo. Unaongeza sauti, unajiumiza masikio, na ufunguo wa wimbo bado unaupoteza." Angeweza kukipaka kizibo rangi ngumu kukinenepesha, alisema, lakini kwa mwanya ule ni bora apime upya.

Akampa kipande cha sponji ang'ate, mdomo uwe wazi kama anavyouacha kwenye sauti ya juu, akamjaza sikio uji mzito wa waridi, wa baridi, wa kuchukulia umbo. Ilibidi akae hivyo bila kutikisika mpaka ugande.

"Tazama maajabu," alisema wifi. "Mdomo wazi, na haongei."

Mama Pacha alimfinya paja.

Kizibo kipya kilipokuwa tayari kilimbana kwenye ukingo wa juu wa sikio. Fundi akakikwangua kidogo, akakisugua mpaka kikang'aa, akamvisha, akakikwangua tena. Kisha akamwambia aimbe. Mama Pacha akaimba kwa nguvu zake zote, na wateja wa miwani wakaja kuchungulia mlangoni.

Kwenye mazoezi yaliyofuata, katika chumba chao chenye magodoro yaliyopigiliwa ukutani, jambo la kwanza alilofanya ni kumwonyesha fundi mitambo kidole gumba kuelekea chini. Punguza. Fundi mitambo alidhani amekosea. Nyimbo zikaenda moja baada ya nyingine, kila chombo kikisikika kilipo, na Mzee wa Besi akaanza kutikisa kichwa kwa furaha.

Wakafika kwenye wimbo wa bibi harusi. Mama Pacha akapanda, akafika, akakaa kwenye ufunguo barabara. Wenzake wakashangilia. Yeye hakushangilia. Sasa alikuwa anajisikia bila ukungu wowote, na alichokisikia ni sauti iliyofika pale juu ikiwa nyembamba, inatetemeka ukingoni.

"Turudie," alisema. Wakarudia. Akavua vizibo, akakaa kwenye spika.

"Kizibo tena?" aliuliza Mzee wa Besi.

"Kizibo hakina kosa. Hii ni mimi mwenyewe."

Ndilo jambo alilokuwa akiliogopa tangu mwanzo, lakini alipolisikia waziwazi aliliona dogo kuliko alivyolifikiria. Akainuka. "Tuushushe wimbo. Tuuanzie chini kidogo."

Wapiga tarumbeta walinung'unika, maana vidole vyao vilikuwa vimeuzoea ufunguo wa zamani. Wakaujaribu hata hivyo. Huko chini sauti ya Mama Pacha ilikuwa nene na imetulia, inajaza chumba bila kusukumwa.

"Na wewe wifi, pale mwisho ingia juu yangu."

"Juu yako?"

"Juu ya sauti yangu. Si juu ya kichwa changu."

Harusi iliyofuata waliuimba hivyo, wawili. Bibi harusi alitembea polepole, kiti kikafikiwa, ukumbi ukapiga vigelegele. Wakati wa mapumziko mjomba wa bwana harusi alikuja nyuma ya jukwaa kuuliza huo wimbo mpya unaitwaje. Ulikuwa uleule aliousikia kwenye kila harusi aliyowahi kuhudhuria. Mama Pacha alimtajia jina lilelile la siku zote, akaenda kunywa maji.