Jicho la Kulia la Fusae Inamura

Katika chumba cha rangi cha studio moja ya katuni huko Nerima, Tokyo, hakuna aliyewahi kubishana na jicho la Fusae Inamura. Mtu angeweza kubishana naye kuhusu zamu au kuhusu dirisha lifungwe au liachwe wazi. Kuhusu rangi, akisema imekosewa, imekosewa.

Jicho hilo alilitoa kwao Ochiai, ambako baba yake alikuwa na kiwanda kidogo cha kutia vitambaa rangi. Tangu utotoni Fusae aliviosha vitambaa mtoni hadi vidole vikafa ganzi, na alipofika miaka kumi na mitatu aliweza kutazama vipande viwili vya bluu akakwambia kipi kimechovywa mara moja zaidi ya mwenzake. Baadaye mto ukachafuka, kiwanda kikafungwa, baba akafa. Fusae akahamia studio akiwa na miaka arobaini na miwili, akaanza kama mpakaji. Baada ya miaka mitatu wakamkalisha kwenye meza ya ukaguzi, na huko amekaa hadi Februari hii ya mwaka 1971.

Kazi yenyewe ina ajabu yake. Mchoro huja ukiwa mistari mitupu juu ya karatasi angavu ya plastiki. Mpakaji huigeuza na kupaka rangi kwa nyuma, kwa hiyo siku nzima hutazama sura iliyopinduka, yenye mabaka na michirizi. Anayeigeuza tena na kumwona mhusika akimkodolea macho ni mkaguzi. Kwa miezi mitano sasa mhusika huyo alikuwa nguva, binti wa bahari aliyetamani miguu, akaipata, akajiandikisha shule, na sasa hawezi kurudi kwao isipokuwa kwa dakika chache, jua linapowaka juu ya mwamba fulani. Hapo ndipo mkia wake hurudi.

Mkia huo ulikuwa na rangi mbili. Namba 47 ilikuwa bluu safi, ya mkia juani. Namba 52 ilikuwa bluu inayoelekea kijani, ya mkia kilindini. Namba zilibandikwa kwenye makopo, na wapakaji wote kumi na wanne walizifuata. Fusae peke yake hakuwa na habari nazo. Aliangalia tu.

"Mitsuyo," aliita siku ya Jumatano asubuhi. "Mkia huu umepaka namba ngapi?"

Mitsuyo Kakizaki alikuwa na miaka kumi na tisa, kutoka Akita, mkoa wa mbali kaskazini, na lafudhi yake ilikuwa bado haijamtoka. Kipindi chake cha matazamio kilibakiza siku tatu.

"Arobaini na saba, Bi. Inamura."

"Hii ni hamsini na mbili. Mtoto wa watu kakaa mwambani anaota jua, wewe umemzamisha kilindini."

"Labda huko kwao Akita jua linawaka kijani," alisema Sugako wa meza ya pili, na chumba kikacheka.

"Linawaka vizuri tu," Mitsuyo akajibu. "Ila hukuti mtu wa Tokyo ameamka kuliona."

Wakacheka tena, safari hii upande wake. Hata hivyo karatasi kumi na moja zikarudi mezani kwake zikiwa na kikaratasi chekundu, akaifuta rangi kwa pamba yenye maji, akaanza upya. Mchana zikarudi tena. Alhamisi asubuhi zikarudi mara ya tatu. Kila mtu alijua maana yake: vikaratasi vitatu vyekundu ndani ya matazamio, na mtu anafunga mizigo.

Mitsuyo alisimama mbele ya meza ya ukaguzi.

"Nilisoma namba mara mbili," alisema. Kisha akainamisha kichwa. "Lakini kama wewe unaona hivyo, basi nimechanganya makopo. Nisamehe, Bi. Inamura. Nimekuchosha."

Fusae akaitikia kwa kichwa. Ingekuwa afadhali kama angebishana.

Saa ya chakula wasichana walikaa kulizunguka jiko la mafuta ya taa, kila mmoja na tonge lake la wali, wakimjadili nguva.

"Mimi nisingeuza bahari nzima kwa ajili ya miguu," alisema Sugako. "Miguu yenyewe mwisho wake ni kusimama kwenye treni."

"Hakuwa anajua," mwingine akasema. "Ukiwa huna kitu, unakiona kizuri."

Fusae aliinuka kujimiminia chai. Mvuke wa birika ukampiga usoni. Jicho la kulia likawasha, akalifikicha, na huku amelifumba akatupa macho kwenye meza yake.

Mikia ilikuwa ya bluu. Bluu safi, kama kitambaa kilichotoka mtoni sasa hivi.

Akafumbua jicho la kulia. Ubluu ukachafuka, ukaingia ukijani. Akafumba la kushoto, akatazama kwa la kulia peke yake: kila kitu kilikuwa kama kimemwagiwa chai. Aproni yake nyeupe, ukuta, hata theluji iliyobaki dirishani. Akaweka kikombe chini. Akaenda kwenye rafu, akafungua kopo namba 47 na kopo namba 52, akayashika sambamba mbele ya jicho la kulia. Hakuweza kuyatofautisha.

Mama yake alikuwa na mtoto wa jicho uzeeni, na Fusae alikumbuka jinsi alivyokuwa akisisitiza kwamba ni taa ndizo zimepungua nguvu. Yeye mwenyewe tangu vuli alikuwa akilalamikia taa za studio. Wakambadilishia mbili.

Tangu vuli. Hilo ndilo lililomkalisha kitako. Mwezi wa Novemba msichana mmoja, Nobue, aliondoka baada ya vikaratasi vitatu vyekundu, vyote vya mkia. Alikwenda kuagana na kila meza, na alipofika kwa Fusae alimshukuru kwa kumfundisha.

Saa nane Bwana Odagiri, mkuu wa chumba, akamwita nje kwenye ngazi.

"Huyu wa Akita, nimeona ni vitatu. Nitazungumza naye leo. Au wewe unasemaje?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Hakuna aliyejua habari ya jicho. Angeweza kusema tu, mwache, ni kijana, atajifunza. Mitsuyo angebaki, na yeye kuanzia kesho angekagua kwa jicho la kushoto, amefumba la kulia kama anayelenga shabaha. Maneno hayo yalishafika kwenye ulimi. Lakini Mitsuyo angebaki akiamini kwamba hajui kusoma namba, na mtu anayeamini hivyo hupaka kwa woga miaka yote.

"Hakukosea," alisema Fusae. "Jicho langu la kulia limeharibika. Mimi ndiye ninayestahili vile vikaratasi."

Bwana Odagiri akauvuta mlango ukafungwa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Tumalize kwanza katuni hii, dada. Zimebaki wiki nne. Nitavitupa vikaratasi, na habari iishie hapa kwenye ngazi."

"Nimevitoa mbele ya watu."

Akarudi ndani, akasimama mbele ya meza ya Mitsuyo. Akainama kuomba radhi hadi nywele zake zenye mvi zikagusa ukingo wa meza, akaeleza yote, na jina la Nobue akalitaja. Brashi zote zilisimama. Mitsuyo akainuka, akakaa, akainuka tena, maana alikuwa hajawahi kuinamiwa na mtu wa umri ule.

"Bi. Inamura, tafadhali, inuka. Watu wanaangalia."

"Waangalie. Ndiyo kazi yao."

Jioni hiyo ukaguzi wakapewa wawili, na mmoja wao akiwa Sugako, jambo ambalo halikumfurahisha yeyote. Fusae aliomba anwani ya Nobue akamwandikia barua. Jibu halijaja, na huenda lisije, naye anaona ni haki ya Nobue. Daktari amesema jicho litapasuliwa wakati wa kiangazi, lakini litakavyoona baada ya hapo hakuahidi.

Ijumaa Fusae aliketi meza ya mwisho kama mpakaji, na mbele yake wakaweka karatasi za nguva akipiga mbizi. Jedwali la namba lilikuwa pembeni. Kwa miaka kadhaa alikuwa amelidharau, akiona ni fimbo ya wasioona. Sasa alilivuta karibu, akapitisha kidole mstari kwa mstari: nywele, ngozi, mkia. Akachukua kopo.

"Mitsuyo," aliita. "Hebu niambie, hii ni hamsini na mbili?"

"Imeandikwa hivyo, Bi. Inamura."

"Najua imeandikwa. Nauliza unaionaje."

Mitsuyo alikuja, akalitazama kopo kwenye mwanga wa dirisha kwa muda mrefu, kwa makini ya mtu ambaye hajawahi kuulizwa swali hilo.

"Kijani kidogo," alisema. "Kama maji chini ya gati."

Fusae akachovya brashi.