Tulia Nao, Kiungo Wetu

Mungu alininyima mengi, lakini koo hakuninyima. Kwetu Hamugembe, Bukoba, majirani hulalamika kwamba nikinong'ona wanasikia. Uwanjani koo hilo lilikuwa na kazi moja. Kiungo wetu alipopokea mpira, nilipaza sauti peke yangu, "Tulia nao!" na jukwaa zima likaitikia, "Wako huo!" Naye alitulia kweli. Wapinzani wanamjia mbio, yeye anauweka mpira mguuni na kutazama huku na huku kama mtu anayechagua ndizi sokoni. Viungo wa leo wanakimbia tu, na mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Kisha miguu yake ikaanza kuchoka. Msimu wake wa mwisho, tukiwa nyuma kwa bao moja, tena nyumbani, alinyang'anywa mpira mara mbili mfululizo. Alipoupokea tena watu walinyamaza, wakaningoja. Nilikuwa na hasira, nami nikiwa na hasira sina breki. Nikapaza, "Toka, mzee! Kapalilie migomba!"

Jukwaa likacheka. Yeye hakutazama juu. Alimpasia mwenzake, akaenda moja kwa moja kwenye benchi, akavua kitambaa cha unahodha na kumwomba kocha amtoe. Hakucheza tena. Mimi nilirudi nyumbani nikijisifu, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Alihamia kwao Kagoma, huko Muleba, akapalilia migomba kweli. Kila mwaka nilisema nitakwenda kumwomba radhi. Mara mvua, mara duka langu la Miembeni halina wa kuliangalia. Muleba si Ulaya. Nilikuwa naogopa tu.

Mwaka jana nilikutana naye ana kwa ana katika soko la Muleba. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, akanitazama. Nikajua hanijui, kwa maana toka uwanjani nani huona sura ya mtu mmoja jukwaani? Akatoa mfukoni kifurushi cha jani kavu la mgomba. Ndani yake mlikuwa na akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, akanimiminia punje kiganjani. Kwetu kahawa ya namna hiyo huiweki akiba. Unaitafuna palepale mbele ya aliyekupa, ndipo mazungumzo yaanze. Niliona nikitafuna itanibidi niseme. Nikazitia punje mfukoni, nikamwambia nina haraka.

"Haya, safari njema, waitu," akasema, kama unavyomwita mtu wa kwenu. Akafunga kifurushi chake taratibu.

Mwezi uliopita habari ya msiba wake ilitufikia mashabiki kwenye simu. Tulikwenda Kagoma tukiwa tumevaa jezi, tukaketi na wafiwa kwenye nyasi zilizotandazwa sebuleni. Mwenyekiti wetu akaniinamia: kaburini niongoze ule wito wa zamani. Nikakataa. Nilidhani nimekataa kimyakimya, lakini mjane aliinua kichwa.

"Kumbe ndiye wewe," akasema.

Nilitaka ardhi ipasuke. Nikamwambia ndiyo, mama, ni mimi niliyemfukuza uwanjani, nisamehe.

"Hakukukasirikia, waitu. Siku ile nilimuuliza kwa nini anaacha mpira. Akaniambia, 'Ile sauti ndiyo iliyokuwa ikiniambia nitulie. Kama nayo imesema nitoke, basi nimekwisha.'" Akapangusa macho kwa ncha ya kanga. "Alikuamini tu. Na mwaka jana alikuja kutoka sokoni akasema amekuona. Alisema, 'Mwenye sauti yangu amenisalimia leo.'"

Basi alinijua. Tangu nilipofungua mdomo kumwamkia alikwisha kunijua, na bado akatoa kahawa akanipa. Nililia pale kwenye nyasi bila aibu, mtu mzima na jezi yangu.

Walimzika nyuma ya nyumba, katikati ya migomba aliyoipalilia mwenyewe. Jeneza lilipokuwa likishushwa wenzangu walinyamaza, wakaningoja kama zamani. Nikapaza, "Tulia nao!" Sauti ilikatika katikati, lakini waliitikia wote, hata mjane. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, unatafuta, ingawa nilijua hakuna kitu. Zile punje nilikuwa nimezitupa dirishani siku ileile, kabla gari halijafika Bukoba.