Behewa Lililosimama Thika

Stesheni ya Ruiru ilinuka mafuta mazito na kahawa. Mafuta yalitoka kwenye injini zilizosimama kujaza maji, na kahawa ilitoka upande wa mto, ambako mashamba makubwa yaliosha buni na kuacha maganda yakichacha kwenye mashimo. Harufu hizo mbili ziliingia chumbani mwetu kila asubuhi kabla baba hajafungua dirisha. Tuliishi kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli zilizojengwa kwa mstari mmoja, kila familia na chumba chake. Kazi ya baba ilikuwa kubadilisha njia. Treni mbili zikikutana stesheni, yeye ndiye aliyevuta mkono wa chuma ili moja iingie pembeni na nyingine ipite. Alikuwa mtu wa Bungoma, mrefu, asiyependa maneno mengi, na alikuja kunichukua nyumbani nikiwa na miaka tisa, mama alipofariki, kwa sababu hakutaka nilelewe na mtu mwingine.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikipambana na Mau Mau. Wakikuyu wa sehemu zile walikuwa wamekusanywa kwenye vijiji vilivyozungushiwa handaki, vyenye lango moja na askari wa kulilinda. Wenzake baba wa landhi walikuwa wamewarudisha wake na watoto makwao kwa hofu, na shule niliyoahidiwa ilikuwa imefungwa. Kwa hiyo nilikuwa mtoto peke yangu pale stesheni. Baba alitoka alfajiri, akarudi mchana kula, akaenda tena. Kuna siku nilikaa tangu asubuhi hadi jioni bila kutamka neno lolote, kisha nikaijaribu sauti yangu kwa kuita majina ya ng'ombe wa babu, mmoja mmoja, nione kama bado inafanya kazi.

Nilianza kutengeneza treni kwa sababu ya upweke huo. Kando ya reli mkonge uliota bila kupandwa, na mlingoti wake ukikauka huwa mwepesi, kisu cha jikoni kinaukata kama mhogo. Nilichonga injini, nikaitia magurudumu ya vizibo vya soda, nikampelekea baba akiwa anakula. Aliigeuzageuza mkononi, akaniuliza ile ya saa nne ina magurudumu mangapi. Nikasema mengi. Akanirudishia, akaniambia niende nikahesabu. Nikahesabu: makubwa manne kila upande, dogo moja mbele, dogo moja nyuma. Nikachonga upya. Safari ya pili alisema bomba la moshi ni refu mno. Ya tatu aliiweka juu ya meza, akala ugali wake huku akiiangalia, nami nikajua nimepatia.

Tangu hapo sikutaka tena kitu cha kukisia. Nyuma ya landhi kulikuwa na kiwanja kigumu kilichokingwa na ukuta wa tangi la maji, na hapo nilijenga Ruiru yote. Kila hatua moja ya baba ilikuwa upana wa kidole changu kimoja. Nilipima jukwaa, ofisi, bohari la kahawa, tangi, hata umbali wa kutoka mlango wetu mpaka mlango wa jirani. Reli zilikuwa nyaya, mataruma ya kulazia reli yalikuwa vijiti vya ukubwa mmoja, na kokoto zake nilizichekecha kwa kopo lililotobolewa ili zisiwe kubwa kuliko mbegu za mtama. Nilikuwa na ratiba pia. Treni ya kweli ikipiga honi kutoka Nairobi, na yangu iliondoka. Ya kweli ikisimama, yangu ilisimama. Nilijivunia hilo kuliko kitu chochote, ingawa hapakuwa na mtu wa kujivunia mbele yake.

Wanawake wa kijiji kimoja upande wa Mugutha waliruhusiwa saa chache kwa siku kutafuta kuni na kuchota maji, na kwa kuwa kisima chao kilikuwa kimekauka, walikuja kwenye bomba la stesheni wakiwa na askari nyuma yao. Pamoja nao alikuja msichana wa umri wangu, Wambui, akimsaidia nyanya yake kubeba mtungi. Foleni ilikuwa ndefu. Siku ya kwanza alisimama mbali akatazama. Siku ya pili alisogea. Siku ya tatu aliniletea vizibo saba kwenye kitambaa, vyote vya aina moja, visivyokunjika. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na Kikikuyu changu hakikuwepo kabisa, lakini kazi yetu haikuhitaji maneno mengi. Alinyoosha kidole upande wa mashariki, akauliza Thika iko wapi. Nikamwambia sijaijenga, maana niliwahi kufika huko mara moja tu. Yeye alikuwa amezaliwa Thika. Mama yake alikuwa akiuza ndizi na viazi vya kuchemsha pale jukwaani, naye aliijua stesheni ile kwa miguu yake.

Tuliijenga Thika kwa wiki tatu. Foleni ya maji ilitupa nusu saa kwa siku, wakati mwingine chini ya hapo. Wambui alikuwa mkali kuliko baba. Alining'olea paa mara mbili kwa sababu mteremko wake haukuwa sawa, na aliutafuta udongo wa rangi ileile ya ukuta mpaka akaupata ukingoni mwa mtaro. Siku hizo niliamka kabla ya baba. Nilipika uji haraka, nikafagia, nikakaa kusikiliza mitungi ikigongana njiani.

Jukwaa lilipokamilika alifinyanga mtu. Alikuwa mdogo kama punje ya maharagwe, mikono imewekwa kichwani. Alimsimamisha karibu na behewa moja lililokuwa Thika, akaniambia polepole kwamba huyo ni baba yake, na kwamba hapo ndipo alipomwona mara ya mwisho, siku askari walipowapakia wanaume. Kisha akaweka kiganja juu ya behewa.

"Hii isiende," alisema.

Nilikubali. Nilimwambia haitakwenda. Nilikuwa nimeiona treni yenyewe ilipopita Ruiru mwaka uliotangulia, madirisha yana waya, vidole vimeshika waya, na baba akiwa amesimama kando ya mkono wake wa chuma ameinamisha uso. Sikumwambia Wambui hilo.

Kisha zikapita siku nne bila wanawake kuja, kwa sababu kijiji kilifungiwa. Nilikaa mbele ya kiwanja nikisikiliza treni za kweli zikija na kuondoka, na ile ya Thika imesimama palepale. Siku ya nne honi ilipolia, mkono wangu uliliunganisha lile behewa na injini. Nilijiambia kwamba kila kitu pale kilikuwa kama kilivyo, na hicho pia lazima kiwe kama kilivyokuwa. Nilimwokota yule mtu wa udongo, nikamweka ndani, nikaivuta treni kutoka Thika, ikapita Ruiru, ikaenda mpaka mwisho wa nyaya, ambako sikuwa nimejenga kitu. Nikaiacha huko.

Wambui alikuja kesho yake. Alitazama Thika, akatazama nyaya zilikoishia. Hakulia wala hakunigusa. Alisema, "Wewe umepeleka yeye," akarudi kwenye foleni, akasimama nyuma ya nyanya yake mpaka mtungi ukajaa.

Nilimweleza baba mchana ule, na nadhani nilitaraji aseme kwamba treni haina budi kufuata saa zake.

"Mimi naandikiwa saa, ndiyo maana naifungulia gari njia," alisema. "Wewe nani alikuandikia?"

Alisukuma sahani, akarudi kazini kabla ya wakati, chakula kikiwa nusu.

Nilirudisha behewa Thika. Nilimsimamisha mtu wa udongo jukwaani, nikambandika upya mkono uliokuwa umekatika, nikangoja. Wanawake walikuja, nyanya yake akaja, Wambui hakuja. Nilimsogelea yule bibi nikataja jina la mjukuu wake. Alinitazama kwa upole, akasema maneno ambayo sikuyaelewa, akanionyesha njia kwa kidevu. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake alinifasiria: msichana na mama yake wamehamishiwa kijiji kingine, mbali. Wiki mbili baadaye mvua ikanyesha, ikazisomba stesheni zetu za udongo, na kabla mwaka haujaisha baba akahamishwa kwenda Eldoret. Ndani ya treni nililala njia nzima.

Niliishi huko Bonde la Ufa miaka mingi, nikafundisha hesabu, nikastaafu, na sasa nakaa Makongeni, Thika. Kuzunguka Ruiru mashamba ya kahawa yameshakuwa nyumba, ghorofa juu ya ghorofa, na sikuweza kuitambua hata sehemu tulipokuwa tukiishi. Bado natengeneza treni. Tuko sita, wazee na vijana, tuna meza ndefu katika ukumbi wa kanisa, na Jumamosi watu huja kutazama, wengine wakipiga picha kwa simu. Sikosi watu siku hizi. Wakati ule ningetoa kila nilichokuwa nacho nipate nusu ya watu hao.

Niliporudi kutoka Bonde la Ufa nilikwenda Mugutha kumtafuta Wambui. Nilimkuta mama mmoja mzee akianika mahindi, nikamwambia mimi ni mwalimu mstaafu, nikamweleza: msichana mwembamba, alikuwa akichota maji stesheni, mama yake aliuza ndizi Thika. Alinisikiliza kwa makini sana.

"Wambui ni wengi, mwalimu," alisema. "Wambui wa nani?"

Nilisimama pale mbele ya mahindi yake. Tulikuwa tumepima pamoja kila paa na kila jiwe la stesheni ile, na sikuwahi kumuuliza baba yake aliitwa nani. Nilimshukuru, nikaenda zangu. Sasa mtoto akija mezani kwetu Jumamosi, kwanza namuuliza jina lake, na la baba yake, na la mama yake. Nayaandika yote katika daftari. Ndipo namwonyesha injini.