Majina ya Marehemu Kwenye Kompyuta ya Mwanaasha

"Hivi Mama Najat, hilo likompyuta utalizika lini?"

Swali hilo Mwanaasha aliulizwa na jirani yake Jesca, asubuhi moja ya mwezi wa Rajabu, Mwananyamala. Jesca alikuwa barazani kwake anapepeta mchele, na nyumba zao zinatazamana, kwa hiyo mtu hahitaji kupaza sauti.

"Usinitanie, Mama Petro. Humo ndani wamo watu."

"Watu gani? Mie nasikia linakoroma tu kama lina pumu."

Mwanaasha akacheka, ila swali likamwingia. Maana ni kweli ile kompyuta ilikuwa inakoroma, na wiki ile ilikuwa imejizima yenyewe mara mbili. Na ni kweli pia watu walikuwamo. Walikuwa mia tatu na kumi na wawili, marehemu wa mtaa ule.

Kila Shaabani, kabla Ramadhani haijaingia, wanawake wa mtaa walikuwa wanajaa sebuleni kwa Mwanaasha. Wanasoma Yasini, kisha marehemu wao wanatajwa mmoja mmoja, wanaombewa. Zamani majina yalikaa kwenye daftari. Mumewe, Khalfani, alikuwa karani, na ofisi yake ilipobadilisha vifaa akapewa kompyuta ya zamani, ile yenye kioo cha mgongo mkubwa. Akaandika humo majina yote. Kwenye kioo akamwekea mkewe alama moja iliyoandikwa MAREHEMU.

"Bonyeza hapo mara mbili," alimwambia, "watatoka wote."

Mwanaasha aliishia darasa la saba, na hakuona haja ya kujua zaidi ya hapo. Masika moja maji yaliingia ndani, daftari likawa uji. Mwaka uliofuata Khalfani akafariki. Jina lake Mwanaasha aliliongeza mwenyewe, kwa kidole kimoja, herufi moja moja, machozi yanamdondoka kwenye vibonyezo.

Kwa hiyo hitima ya kwake ilikuwa hivyo: wenzake kwenye mikeka, yeye kwenye kiti mbele ya kioo, anasoma. Na pembeni yake kabisa, akiegemea mguu wa meza, alikuwa anakaa Bi Mwamvita.

Bi Mwamvita alikuwa mpangaji wa chumba cha uani. Alitoka Kilwa peke yake, baada ya kuzika watoto wake wote watano. Kusoma hakujua. Kila mwaka kabla watu hawajafika alikuwa anauliza, "Wangu wako wapi humo?" Mwanaasha anamwonyesha, na bibi anapitisha kidole juu ya kioo, taratibu, jina kwa jina, mpaka la tano. Kisha anasema, "Haya. Hiyo ni amana yangu kwako, mwanangu. Mie sina wa kuwataja nikiondoka." Aliondoka miaka mitatu nyuma. Hakuna ndugu aliyekuja mazikoni.

Sasa Najat, binti yake Mwanaasha anayekaa Gongo la Mboto, aliposikia kompyuta inajizima, akaleta flashi. Ilikuwa Ijumaa, ana haraka ya kazini, hata chai hakunywa. "Nitakuelekeza kwa simu, mama. Ukishaweka majina humu, tutayachapa kwenye karatasi, na hilo dude ulitoe, limekula sebule nzima."

Jioni simu ikaja. Tundu la mbele lilikuwa limelegea siku nyingi, flashi ikiingia inacheza tu. Ikabidi Mwanaasha apige magoti, avute boksi la kompyuta, apapase nyuma. Huko kulikuwa na vumbi la miaka na maganda ya mayai ya mjusi. Akachomeka, ikagoma. Akaigeuza, ikagoma. Akasema bismillahi, akaigeuza tena, ikaingia, na kompyuta ikalia mlio wake wa kupokea mgeni.

"Unaiona MAREHEMU?" Najat akauliza.

"Naiona."

"Ibonyeze kwa upande wa kulia, sema kopi. Haya, fungua flashi. Kulia tena, sema pesti."

Hata hajatoa mkono, kazi imekwisha.

"Mbona upesi hivyo? Watu wote wale?"

"Maandishi hayana uzito, mama. Picha ndiyo nzito."

"Alhamdulillahi," Mwanaasha akasema. Akaichomoa ile flashi, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Wiki hiyohiyo akapita mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni wake. Jesca ndiye aliyemwita. "Njoo hapa, kuna maiti ya bati inangoja!" Wakacheka wote watatu. Yule bwana akabeba boksi, kioo akakiacha, akasema kizito na hakina faida.

Shaabani ilipoingia, Mwanaasha akaenda kwa Didas, mwenye steshenari ya kona, mtu mzima mwenye mvi zake na maneno machache. Didas akachomeka flashi, akatazama, akatazama tena.

"Mama, hapa kuna mshale mdogo pembeni. Hii siyo kazi yenyewe. Ni kibao tu cha kuonyesha njia. Nikikibonyeza kinaitafuta kompyuta yako ya nyumbani."

"Basi kiache kitafute."

"Iko wapi hiyo kompyuta?"

Mwanaasha akakaa kwenye benchi la wateja, na Didas akazima feni ya mezani kana kwamba kuna mtu amelala.

Mwanaasha na Jesca walikwenda mpaka kwenye yadi ya vyuma. Boksi walilikuta, limepasuliwa, liko tupu. Kile kipande kinachotunza mambo kilikwishang'olewa na kupelekwa kuyeyushwa pamoja na masufuria. Jesca siku hiyo hakuwa na utani. Aliokota kifuniko cha boksi, akakishika tu, akasema, "Mimi ndiye niliyemwita."

"Hukujua. Na mie sikujua."

Kesho yake Jesca alinunua daftari kubwa, na wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Mwanaasha anauliza, Jesca anaandika. Wengine walitaja harakaharaka. Wengine walihamia Mbagala, wengine Kigoma, simu hazipatikani. Yalirudi majina mia mbili na sabini.

Ila watoto wa Bi Mwamvita hawakuwa na nyumba ya kubishiwa hodi. Mwanaasha alikumbuka Salima, kwa sababu ndiye wa kwanza. Wengine wanne aliwasoma miaka tisa, na hawakuja. Hilo ndilo lililokuwa linamliza kwenye sijda: kwamba miaka yote hiyo macho yalisoma, na moyo ulikuwa umetangulia kumngoja Khalfani mwishoni mwa orodha. Kioo kilibaki sebuleni, kitupu, na alama ya kidole cha bibi bado ilionekana ukikitazama kwa upande. Hakukifuta.

Ustadhi Mudathir wa madrasa alimpoza. "Mola anawajua, hata tusipowataja."

"Najua, ustadhi. Yeye hasahau. Mie ndiye niliyepewa amana."

Siku ya hitima, kwa mwaliko wa ustadhi, walikusanyika madrasa badala ya sebuleni. Jesca alikuja na ushungi, akakaa karibu na mlango. Mwanaasha alisoma kwenye daftari, akafika kwa Mwamvita binti Athumani, kisha kwa Salima. Chini ya Salima palikuwa na mistari minne mitupu. Wenzake wakadhani amepotea mstari, wakamngoja.

Akavua miwani, akainua uso.

"Jamani, watoto wa Bi Mwamvita walikuwa watano, na mie nimebaki na Salima peke yake. Aliyewahi kumsikia akiwataja wale wengine, hata mmoja tu, naomba aniambie."