Asubuhi Una Alipotamka Bladi Hewani

Una Maddigan alilelewa katika nyumba ambayo hata ng'ombe walikaripiwa kwa adabu. Baba yake, Mzee Clement Pascoe, siku za kazi alikuwa fundi wa matandiko ya farasi, na Jumapili alihubiri katika kanisa la Kimethodisti. Pale Tallawirra, mji wetu mdogo wa wafuga kondoo huko bara ya Australia, hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Siku moja, Una akiwa bado mtoto, farasi alimkanyaga kidole cha mguu, naye akalitoa lile neno alilozoea kulisikia kwa wakata manyoya ya kondoo: bladi farasi. Baba yake hakumpiga. Alimshika mkono mpaka kwenye beseni, akamsugua ulimi kwa sabuni ya kufulia, kisha akamwambia, "Ulimi ni wako, lakini jina la nyumba hii ni letu sote."

Basi Una akakua na ulimi safi.

Neno lenyewe, Kiingereza cha kusema kitu kina damu, halikuwa tusi kubwa. Yapo matusi ambayo mtu akiyatamka kwetu anang'olewa meno. Bladi lilikuwa kama pilipili. Wanaume walilitia katika kila sentensi wakiwa kwenye mabanda ya kukatia kondoo manyoya, wakalitia tena baa, halafu wakalitema mlangoni kabla hawajaingia ndani kwa wake zao. Len, mumewe Una, mwenyewe mkata manyoya, alikuwa likimjaa mdomoni wakati wa chakula anainuka, anatoka barazani, analisema, anarudi kukaa.

"Umemaliza?" Una humwuliza.

"Nimemaliza."

"Haya kula, nyama inapoa."

Katika miaka ya sitini Una alipata kazi kwenye redio ya mji, vyumba viwili vidogo juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Alisoma bei za sufu, matangazo ya misiba, na namna ya kupika jamu ya aprikoti. Meneja alikuwa Bwana Aubrey Lisle, mzaliwa wa Tallawirra kama sisi sote, ila alipokaribia kipaza sauti alizungumza kama mtu aliyekulia jikoni kwa Malkia. Alimfundisha Una kusema hivyohivyo. "Bi. Maddigan," alimwambia, "ukiwa hewani hauko Tallawirra." Una akajifunza. Wasikilizaji walimpenda, ingawa Len alisema kila akifungua redio huona haya kuvuta kiti kabla hajakaribishwa.

Kisha ukaja mwaka wa mvua. Ilinyesha milimani mfululizo, mto ukageuka rangi ya kahawa, ukaanza kupitisha magogo na mizoga ya kondoo. Watu wa Mtaa wa Chini, ule uliopakana na mto, hawakushtuka. Maji yaliwahi kupanda mara nyingi. Huja mpaka ngazi ya pili ya baraza, hukaa kidogo kama mgeni mwenye haya, hurudi zake. Mzee Pascoe aliishi huko, mjane, peke yake. Askari alipopita kuwaambia wajiandae, walimkaribisha chai.

Asubuhi hiyo Una alipewa tangazo alisome. Bwana Lisle ndiye aliyelitunga. "Wakazi wa Mtaa wa Chini wanaombwa kwa heshima wafikirie uwezekano wa kuhamia kwa muda sehemu za juu." Akalisoma. Baada ya nyimbo mbili akalisoma tena. Dirishani kwake mtaa ule ulionekana vizuri, na moshi ulikuwa ukitoka kwenye mabomba ya paa kama kawaida. Mama mmoja alikuwa akianika shuka kwenye kamba.

Simu ikalia. Alikuwa Bert Kinnane, mfugaji wa kule juu ya mto, mtu asiyejua kuharakisha maneno.

"Una? Lile tuta kubwa la kuzuia mto limevunjika."

"Limevunjika kiasi gani, Bert?"

"Halipo. Nimelitazama likiondoka. Mto wote unakuja huko kwenu, mama, na hauji kunywa chai."

Una akamweleza Bwana Lisle, akataka abadilishe tangazo. Bwana Lisle akaweka mkono kwenye shavu. Alikubali kuongeza maneno "bila kuchelewa sana", basi, kwa sababu aliogopa kuzusha fujo. Una akayasoma hayo pia. Akatazama dirishani. Yule mama alikuwa amemaliza shuka, sasa anaanika soksi.

Bwana Lisle alikuwa akitoka, bado ameshika mlango, Una alipoiondoa sahani ya muziki katikati ya wimbo na kuvuta kipaza sauti karibu. Hakuwa na sauti ya Malkia tena. Ilikuwa sauti ya binti wa fundi matandiko.

"Mtaa wa Chini, mnanisikia? Mimi ni Una. Tuta limevunjika. Huo bladi mto unakuja wote. Acheni bladi chai, acheni bladi kuku, tokeni kwenye hizo bladi nyumba zenu mpande mlimani sasa hivi. Doreen, acha hizo soksi. Baba, na wewe. Toka."

Wanaume waliokuwa baa waliweka bilauri chini. Ingekuwa mwingine aliyesema, wangecheka. Bladi la mkata manyoya halikuwa na uzito zaidi ya kikohozi. Lakini Una, ambaye hata akijichoma kwa pasi alisema "ala"? Watu wa Mtaa wa Chini walitoka kama siafu. Walibeba watoto, bibi vizee, na mmoja akabeba saa ya ukutani. Doreen, yule wa soksi, alisimulia baadaye kwamba alikuwa nusu ya mlima alipogundua bado ana kibanio cha nguo mdomoni.

Mzee Pascoe alikuwa mezani na yai lake la kuchemsha. Jirani yake, Merv Tolley, alimpitia mbio akamkuta anavaa kofia.

"Umesikia, mzee?"

"Nimesikia."

"Viatu vyako je?"

"Merv," mzee alisema, akitoka na soksi tu miguuni, "kama Una amelitamka neno hilo, hakuna wakati wa viatu."

Walipofika juu waligeuka. Maji hayakuja kama mgeni safari hii. Yaling'oa baraza, yakabeba nyumba ya Doreen na shuka zake kambani, yakaizungusha, yakaigonga kwenye daraja. Nyumba ya Mzee Pascoe ilikwenda nayo. Hakufa mtu. Kuku walikufa, na mbwa mmoja aliyekuwa tayari mgonjwa.

Mtu angedhani Una alibebwa mabegani siku hiyohiyo. Hapana. Kesho yake Bwana Lisle alimwambia asije kazini. Kanuni za utangazaji zilikataza matusi hewani, na Bibi Hester Fairweather, mkuu wa chama cha akina mama, alikuwa ameshamwendea kulalamika. "Nasikitika kuhusu nyumba," alisema, "lakini wajukuu wangu walikuwa wakisikiliza. Angeweza kusema tafadhali."

Una akajifungia ndani. Hakuogopa Lisle wala Bibi Fairweather. Aliogopa kikombe cha baba yake, kwa maana mzee alikuwa amehamia kwake, na kila mlo aliketi mbele yake akikoroga chai bila kusema lolote kuhusu jambo lile. Len alijaribu kumchekesha. "Sasa na mimi naweza kulisemea mezani?" Una akamwelekeza barazani.

Mkutano uliitishwa kwenye ukumbi wa mji. Walikuja wengi hata wengine wakasimama kwenye madirisha. Bwana Lisle alieleza, kwa ile sauti yake ya hewani, kwamba hakuna aliyependa jambo hili, ila redio ni nyumba ya kila mtu, na katika nyumba ya kila mtu lugha iwe safi. Wapo waliotikisa kichwa kukubali. Una alikuwa ameketi mstari wa nyuma, amevaa glavu, macho sakafuni.

Ndipo Mzee Pascoe aliposimama.

"Aubrey," alianza, "hilo tangazo lako la heshima nilikuwa nalisikia. Mara ya kwanza nilitia maji ya yai jikoni. Mara ya pili nikatia yai. Mara ya tatu nikatafuta chumvi."

Watu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Nimehubiri maisha yangu yote. Nimewaambia ninyi mtoke dhambini, nimewaomba, nimewabembeleza. Sijawahi hata mara moja kuona mtaa mzima ukiinuka. Binti yangu ameuinua kwa neno moja. Nimelifikiria sana neno hilo tangu nije kukaa kwake. Nilidhani uchafu uko ndani ya neno. Nimekuwa mpumbavu. Kilichonitoa mezani ni upendo, nao ulikuwa na haraka, ukashika neno lililokuwa karibu."

Akamgeukia Una. "Nilikuwa nangoja niongee mbele ya watu, mwanangu. Asante kwa bladi maisha yangu."

Ukumbi ukapasuka. Watu walipiga vigelegele na miguu sakafuni. Una alilia ndani ya glavu zake. Bwana Lisle aliinua mikono, akasema yeye binafsi ameguswa, lakini kanuni ni kanuni.

"Basi badilisha hiyo bladi kanuni," Doreen akamjibu kutoka dirishani, na ilikuwa mara ya kwanza kusikia mwanamke wa Tallawirra akilisema ukumbini, na paa halikuanguka. Mwenye duka la chini ya redio akasimama kusema kwamba matangazo yake ya misumari yatarudi siku Una atakayorudi. Mchinja nyama akasema hivyohivyo. Bwana Lisle hakuwa mtu mbaya, na hesabu alizijua. Una alirudi kazini wiki ileile, kwa sharti moja ambalo yeye ndiye aliyelitoa: atasoma kwa sauti yake mwenyewe.

Baada ya hapo neno lilitembea lenyewe. Akina mama walilitia kwenye habari za mvua na skonzi zilizoungua. Mwalimu mkuu aliacha kuwachapa watoto kwa ajili yake. Kasisi alilisema kwenye maziko, kwa upole, akimsifu marehemu. Len alipewa ruhusa ya mezani, akalitumia wiki mbili, halafu akalalamika kwamba limepoa, halina utamu tena. Na ni kweli. Leo mtoto akilisema hakuna anayegeuza shingo. Una peke yake ndiye aliyeendelea kulitumia kwa nadra, ndiyo maana lake lilibaki na makali.

Mtaa wa Chini haukujengwa tena. Watu walijenga kule juu walikokimbilia, na tangu wiki ya kwanza mahali pale pakaitwa Mlima Bladi. Halmashauri ilipendekeza majina mazuri, ya magavana na ya maua. Hakuna aliyeyatumia, wala mpeleka barua. Mwishowe wakasalimu amri wakaandika kibao chenye jina hilo.

Siku ya kukisimika, mwenyekiti wa halmashauri wakati huo alikuwa Bibi Hester Fairweather. Alipanda jukwaani na kofia ya manyoya ya mbuni, akasafisha koo. Una alikuwa mbele kabisa, amemshika baba yake mkono. Bibi Fairweather alimtazama, akavuta pumzi, akalisoma jina la mtaa kwa sauti iliyofika mtoni, kila herufi mahali pake, bila kukwama. Mzee Pascoe ndiye aliyeanza kupiga makofi.