Mwewe wa begani kwa baba: alikuwa anaangalia wapi?

Kamwene wakuu!

Hii si chai. Imetokea kwetu Kitandililo, na mama mwenyewe yuko hapa pembeni anapukuchua mahindi, nikidanganya atanisuta.

Baba yangu alikuwa mjeda. Alistaafu, akarudisha sare zote kama utaratibu unavyotaka, na mwaka juzi akatutoka. Picha akiwa na gwanda hatuna hata moja.

Sasa mama akaja na jambo. Anataka kitambaa cha kochi la baba kidariziwe ile nembo ya kikosi aliyokuwa anavaa begani: mwewe, ngao na mikuki miwili.

Enzi za uhai wa baba, mama alikuwa anamtania, "Jeshi zima mlikosa ndege mwingine, mkachagua mwizi wa vifaranga?" Leo anamlilia huyo huyo mwizi.

Nikaenda Njombe kwa mzee mmoja aliyetumikia kikosi kimoja na baba. Akanichorea safi kabisa. Mikuki imefungwa pamoja, maana yake hakuna anayepigana peke yake. Ngao ni kulinda raia.

"Na mwewe lazima atazame mbele, askari anakoelekea. Mwewe wetu hageuki nyuma, kijana."

Nikarudi Makambako kwa fundi wa kudarizi. Alipoona mchoro akanirudishia fasta. "Kaka, nembo ya jeshi mimi sishoni. Unataka wajeda wakanirushe kichurachura kambini?"

Hapo sikubishana naye, ana watoto. Tukakubaliana ashone ndege tu, ngao na mikuki tuwaachie wenyewe.

Kitambaa kikatoka kizuri balaa. Nikakitandika kwenye mkono wa kochi, mwewe anaangalia mbele, mlangoni. Nikakaa mkao wa kusifiwa.

Mama akakishika, akampapasa yule ndege. Kisha akasema, "Huyu siye. Wa baba yako alikuwa anaangalia nyumbani."

Nikaanza kumweleza maneno yote ya mzee wa Njombe. Mimi nikishajua kitu huwa sinyamazi.

Akaniacha nimalize. "Mwanangu, mimi sikuwahi kumsindikiza. Siku ya kuondoka nilikuwa najifungia jikoni mpaka gari liondoke. Huyo ndege nilikuwa namwona baba yako anaporudi tu."

Wakuu, nililia kama mtoto. Kumbe mzee wa Njombe alikuwa sahihi, na mama naye sahihi. Mtu akiwa anarudi, mbele yake ndiko nyumbani. Nimemmisi baba, jamani, acheni tu.

Kwa fundi sikurudi. Tulihamisha kochi tukaliweka karibu na mlango, limeupa mgongo, linatazama ndani. Mama akakaa upande wa pili, wakaangaliana na mwewe wake. Akasema, "Haya, sasa amefika."

Somo nililopata: kabla hujambishia mzazi kuhusu alichokiona, muulize kwanza alikuwa amesimama wapi.

Wenye wazazi wajeda mwageni ya kwenu hapa. Na kina mama, mama anawauliza: nyie mliwezaje kusindikiza?